Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa pwani huitumia methali hii kwa utani wenye ncha, pale mgeni anapokaa mpaka godoro la ukumbini likashika umbo la mgongo wake, na mwenye nyumba akawa anatafuta njia ya kumwambia aondoke bila ya kumwambia. Kwa matumizi hayo jembe limegeuzwa fimbo ya kufukuzia. Walakini methali yenyewe haikutaja kufukuza. Anayefukuzwa haonyeshwi shamba. Anayepewa jembe ameonyeshwa konde, ametengewa upande wake wa kulima, na kuanzia alfajiri hiyo atakula alichokipanda kwa jasho lake pamoja na wenyeji. Hana tena haja ya kukaa mkekani akingoja kupakuliwa. Jembe, basi, ndilo linalomtoa mtu katika ugeni, na mwenyeji anayelichelewesha, hata akilichelewesha kwa ukarimu, anamweka mgeni wake barazani.

Suala hili linakuwa zito zaidi pale mgeni na mwenyeji wanapokuwa mke na mume. Mtu anapomchukua mwenzi wake kwenda kuishi katika nchi ambayo mmoja wao anaijua na mwingine haijui, kuna deni gani baina yao? Je, anayeijua nchi amekwisha lipa anapompatia mwenziwe paa, chakula, nguo za baridi na mapenzi? Au mapenzi yenyewe, kwa tabia yake ya kupenda kukirimu na kupenda kuhitajiwa, ndiyo yanayoweza kumfanya mtu abaki mgeni wa siku mbili kwa muda wa miaka?

Hakuna haja ya kubuni mfano. Unguja inao wake, na umetimiza zaidi ya karne na nusu: Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Kisa chao kila mtu wa Mji Mkongwe anakijua, au anadhani anakijua. Nyumba mbili zilizopakana, dirisha la juu lililotazama paa la jirani, karamu za kizungu ambazo binti wa kifalme alizishuhudia kwa mbali, mimba, khofu, kisha manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer iliyomchukua usiku wa Agosti 1866 na kumfikisha Aden. Wasimulizi wengi hufika hapo wakakunja jamvi. Nanga ikishang'oka, kwao hadithi imekwisha, kana kwamba mapenzi ni jambo la kutoroka tu na si jambo la kukaa. Ilhali kutoroka kulikuwa kazi ya usiku mmoja. Kukaa ndiko kulikotaka miaka.

Aden alikaa miezi tisa akimngoja mwenziwe amalize shughuli zake za biashara Unguja. Alihifadhiwa na mke na mume wa Kihispania aliowajua tangu kwao. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa huko Disemba 1866. Ruete aliwasili mwisho wa Mei 1867, na tarehe 30 ya mwezi huo Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, na safari ya Ulaya ikaanza. Mtoto hakuiona Hamburg, alifariki njiani. Kitabu cha kumbukumbu alichokichapisha mama yake mwaka 1886 kinamnyamazia mtoto huyo, na msomaji anayelijua jambo hilo huisikia ile kimya katika kurasa nyingi zisizomhusu.

Jina, dini na mtoto, vyote katika majira mamoja. Wapo watakaotaka kulihukumu suala la dini, na mahali pake si hapa. Yeye mwenyewe hakuacha kujihukumu maisha yake yote, akijiona ametoka kwenye nyumba moja ya imani bila ya kuingia barabara katika nyingine. Linalohusika hapa ni dogo kuliko hilo na la kila siku zaidi. Alipokanyaga Hamburg, katika mji mzima ule, Salme alikuwa na mtu mmoja.

Waliweka makazi Uhlenhorst, kando ya ziwa la Alster, mtaa wa watu wenye nafasi. Hapakuwa na dhiki ya pesa. Lakini fikra na ilinganishe. Kasri la Mtoni, kwa makisio yake mwenyewe, lilikuwa na watu wapatao elfu moja. Mbele ya Sayyid Said kilitakiwa Kiarabu. Akigeuza mgongo, vyumba na ua vilijaa Kiswahili, Kihabeshi, Kinubi, Kituruki, Kiajemi na Kicherkesi, kila suria na kila mtumwa na ulimi wa alikotoka. Mtoto wa nyumba ile alikulia katika kelele, na kelele ile ndiyo iliyokuwa utulivu wake. Kutoka hapo alihamia nyumba ambayo, mume akishatoka asubuhi kwenda afisini, hapakuwa na mtu hata mmoja awezaye kumwuliza kama ana kiu. Kwa mumewe alisema Kiswahili, kwani Ruete alikifahamu kutokana na miaka yake ya Unguja. Kwa mpishi, kwa mtumishi, kwa mshoni, kwa ndugu wa mume waliokuja kumtazama, hakuwa na neno. Aliyekuwa mtu wa lugha akawa bubu tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa.

Kazi ya ufasiri huwafunza wanaoifanya jambo moja ambalo wapenzi hawalijui. Anayefasiri baina ya watu wawili ndiye mwenye kushika ufunguo wa chumba, hata akiwa mnyenyekevu kupita wote waliomo. Hupunguza maneno ili wakati usipotee. Hulainisha neno kali ili moyo usiumie. Mzaha ukipita mezani, watu wazima wote wakacheka, na asiyeijua lugha akamgeukia mwenzi wake kumwuliza kimesemwa nini, jibu lake ni lile lile katika kila nchi: si kitu, nitakwambia baadaye. Hakuna ubaya katika jibu hilo. Mzaha ukielezwa hufa, na chakula kinapoa. Lakini kila aliyepata kuishi kwa kufasiriwa anaijua ile baadaye. Huwa haifiki; na ikifika, huwa imekwisha kuwa habari, wakati wenzake waliila ingali kicheko.

Mfasiri mwema husukuma kazi yake mpaka isimame bila yeye. Msomaji akifungua kitabu asimwone aliyekivusha, ndiyo furaha ya mfasiri, na kuna uchungu ndani yake. Basi mke au mume aliye mwenyeji ana kazi ya namna hiyo hiyo, nayo ni ngumu kuliko ya kitabu, kwa sababu kitabu hakimpendi mfasiri wake wala hakimngoji dirishani jioni. Kuna ladha katika kuwa mlango pekee wa mtu. Mtu anarejea nyumbani, uso wa mwenziwe unachanua kwa sababu tu mlango umefunguka, na nani aliye mkamilifu hata akatamani furaha hiyo ipungue? Lakini ipungue ndipo mwenziwe awe na mji.

Itasemwa kwamba Ruete hakufanya kosa lolote, na ni kweli kwamba barua za mkewe zinamtaja kwa mapenzi. Itasemwa kuwa miaka ile ilikuwa mitatu tu, na katika mitatu hiyo watoto watatu walizaliwa: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, Rosalie mwaka 1870. Mwanamke mwenye watoto wa kufuatana hivyo, katika nchi ya baridi asiyoizoea, huyo si wa kupelekwa konde. Hoja hiyo ina uzito. Itasemwa pia kwamba alikuwa binti wa Sultani, amezoea kutumikiwa tangu siku ya kuzaliwa, na kwamba kumpa jembe mtu kama huyo ni kumtweza.

Hoja hii ya pili haina uzito, na maisha yake mwenyewe yanaikanusha. Mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma Qur'ani. Kuandika hawakufundishwa, kwa khofu ya yale ambayo mkono wa mwanamke ungeweza kuyaandika. Salme alijifunza kuandika peke yake, kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Khofu ya wakubwa haikuwa bure: mwaka 1859, Barghash alipomwasi kaka yake Majid, aliyewaandikia waasi barua zao ni msichana huyo wa miaka kumi na mitano. Mtu aliyewahi kujichongea jembe kwa mfupa hahitaji kuhifadhiwa. Anahitaji kuachiwa akosee.

Maana kukosea ndiko kulima kwenyewe. Kuingia duka la mkate ukataja jinsi isiyo, ukalipishwa zaidi, ukachekwa na kijana wa dukani, ukatoka na mkate usioutaka, hiyo ni lengelenge ya kwanza ya kiganja. Anayekwenda dukani kwa niaba yako amekuepusha na lengelenge, na amekunyima shamba. Ruete aliyajua hayo kuliko mtu yeyote wa Uhlenhorst, kwani yeye mwenyewe alipata kuwa mgeni. Alifika Unguja akiwa kijana, na Kiswahili chake alikipata palepale, baina ya watu aliofanya nao biashara. Hakuna aliyemfasiria maisha. Kwa nini basi hakumpitisha mkewe katika njia ile ile? Jibu ni la aibu kidogo kwa pande zote mbili za bahari. Njia ile ilikuwa njia ya wanaume. Mke wa mfanyabiashara wa Hamburg hakwenda sokoni, kama binti wa Mtoni asivyokwenda sokoni. Barakoa aliivua, uso ukabaki wazi mbele ya watu ambao hakuwa na la kuwaambia.

Kabla ya kumsukumia lawama mtu mmoja, inafaa irejewe nyumba alimotoka. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, wa watu wa milima ya Kaukasi. Alinyakuliwa akiwa mtoto wakati wa vita, wazee wake wakauawa, na alipoingizwa katika nyumba ya Sayyid Said alikuwa na umri wa miaka saba au minane. Lugha yake ya kwanza ilibaki milimani. Alilelewa pamoja na mabinti wa nyumba, akawa suria, akazaa, akaheshimiwa, akafariki mwaka 1859. Mama alipelekwa, binti alikwenda. Katika neno hilo moja kuna tofauti kubwa, na wanafalsafa wa baraza zote huikimbilia: aliyekwenda kwa hiari yake na abebe mzigo wake.

Hoja hii husikika kuwa ya haki, na kwa sababu hiyo ni lazima ichunguzwe. Salme aliridhia nini? Aliridhia mtu. Hakuridhia ukimya, kwa sababu hakuujua. Hakuna anayeweza kuujua ukimya wa nchi ngeni akiwa bado anaishi kwao katika kelele zake. Anayeridhia safari ya kwenda kwenye lugha asiyoijua ametia saini mkataba asioweza kuusoma. Katika mapatano ya namna hiyo, yule anayeweza kuusoma hubeba amana ya wote wawili. Kwa hiyo ridhaa ya anayefuata haimpunguzii deni anayefuatwa. Inamwongezea. Angalimburuta, angalikuwa na hesabu nyingine, hesabu ya dhulma, kama ile aliyofanyiwa Jilfidan, ambayo haifutwi kwa jembe wala kwa heshima ya uzazi. Kwa kuwa alifuatwa kwa imani, ameaminiwa, na kuaminiwa ni kudaiwa.

Na hapa methali ya wahenga inajikwaa, wala si vyema kupita kimya. Unguja ni kisiwa cha karafuu, na walioifanya kuwa hivyo kwa mikono yao hawakupewa siku mbili za ukarimu. Walipewa jembe siku ya kwanza, na ya pili, na siku zote, na hakuna aliyewaita wa nyumbani. Basi jembe peke yake halitoshi kumtoa mtu katika ugeni. Tofauti iko katika mavuno: anayelima na kuvuna chake ni mwenzi, anayelima na kuvunwa ni mtumwa. Salme hakuiona tofauti hiyo pale ilipomhusu mwenyewe kwa upande wa pili. Katika kitabu chake cha 1886 aliutetea utumwa kama alivyoujua kwao, na kurasa hizo hazisomeki leo bila ya fadhaa. Mwaka 2019 mamlaka za Hamburg ziliupa uwanja mmoja wa mji jina lake, kisha kurasa zile zikasomwa upya na jina likaondolewa. Mwanamke aliyejua kwa mwili wake nini maana ya kuwa bubu katika nyumba ya wengine hakuwasikia waliokuwa mabubu katika nyumba ya baba yake. Maumivu humfunza mtu alipoumia. Kumfunza alipoumiza ni somo jingine, na wengi huondoka duniani hawajalianza.

Mwanzoni mwa Agosti 1870, Ruete alipata ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi, na tarehe 6 ya mwezi huo akafariki. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Vita baina ya Wajerumani na Wafaransa vilikuwa vimekwisha kuanza, na mji ulikuwa na misiba yake mingine ya kuifikiria. Mjane alikuwa hajatimiza miaka ishirini na sita, na mtoto wake mdogo hajafika miezi minne. Kiswahili kilikatika ndani ya nyumba ile kwa siku moja: hakubaki mtu mzima wa kusema nacho. Sheria ya mji haikumwachia mwanamke mamlaka kamili juu ya watoto na mali ya marehemu, wakawekwa wasimamizi, na mbele ya wasimamizi hao, wenye karatasi zao na maneno yao ya kisheria, hapakuwa tena na mtu wa kumwambia: nitakueleza baadaye.

Unguja nako milango ilikuwa ikifungwa. Majid alifariki mwaka huo huo wa 1870. Aliyemrithi ni Barghash, yule yule ambaye dada yake alimwandikia barua za uasi miaka kumi na moja nyuma, na Barghash hakutaka kumjua. Mwaka 1885 alirejea kisiwani chini ya kivuli cha manowari za Kijerumani, akitumiwa na serikali ya Bismarck zaidi kuliko alivyoitumia. Mwaka 1888 akaja tena. Mara zote mbili aliondoka bila ya urithi alioudai. Kati ya hapo alihama kutoka Hamburg kwenda Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifuata maisha ya gharama nafuu zaidi na watu wasiomchoka.

Jembe alilishika, basi. Alilishika peke yake, usiku, katika shamba ambalo hakuwahi kuonyeshwa mipaka yake. Kwamba alilima hata akaandika kitabu kizima kwa Kijerumani ni sifa yake yeye. Haiwezi kuhesabiwa kuwa ni sifa ya waliomwacha alime hivyo. Ruete hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyedhani ana wakati. Dhana hiyo ndiyo iliyo katika kila baadaye inayosemwa mezani, na haina sauti ya ubaya; ina sauti ya mapenzi kabisa.

Ndoa za ugenini leo ni nyingi kuliko zama za manowari, na safari haichukui miezi. Serikali zimejitia katika suala hili kwa namna yao. Tangu mwaka 2007 Ujerumani, kwa kanuni ya jumla na kwa misamaha iliyowekwa, inamtaka mke au mume anayetoka nchi kama za Afrika Mashariki athibitishe kuwa anajua Kijerumani cha mwanzo kabla ya kupewa viza ya kumfuata mwenziwe. Uingereza iliweka sharti la Kiingereza la namna hiyo mwaka 2010. Miongoni mwa hoja zilizotolewa Ujerumani ni kuwakinga watu na ndoa za kulazimishwa, na kumrahisishia mgeni kuingiliana na wenyeji. Haifai kuibeza hoja hiyo moja kwa moja. Lau Salme angalifika Uhlenhorst na maneno mia tatu tu ya Kijerumani, asubuhi zake zingalikuwa nyingine. Sheria imekiona ambacho wapendanao hawakioni. Lakini imekiona kwa jicho la bawabu. Inamtaka mgeni aje na jembe mkononi kabla hajaonyeshwa shamba, na asiyeweza kulipia masomo, au asiye na darasa karibu na kijiji chake, huzuiliwa nje, mume upande mmoja wa dunia na mke upande wa pili, kwa jina la kuwarahisishia kuishi pamoja. Wajibu uliokuwa wa mwenyeji umetwikwa kichwani mwa mgeni.

Tena si kila nyumba ya ugenini ina mwenyeji. Aghalabu wote wawili ni wageni, na anayepata kazi kwanza ndiye anayepata ulimi kwanza. Zamani ilidhaniwa huyo atakuwa mume. Siku hizi ni jambo la kawaida mke akatangulia, muuguzi au mlezi wa wazee, mume akafuata baadaye. Na mtu aliyekuwa msemaji wa baraza yake, ambaye watu walinyamaza akikohoa, akajikuta amekaa karibu na kipasha joto akimngoja mkewe arudi zamu amsomee barua ya kodi ya nyumba. Huyo humlaumu mkewe kwa kujua, na mkewe humlaumu kwa kulaumu. Pengine mwanamke hujifunza mapema zaidi kulitoa jembe, kwa kuwa amechoka na hana nafasi ya kuionea fahari ile hali ya kuhitajiwa. Palipo na watoto, jembe huangukia wao. Mtoto wa miaka tisa hukaa baina ya mama yake na daktari akafasiri ugonjwa ambao mtoto hakupaswa kuusikia, akachagua neno, akaliacha jingine, na usiku asilale. Ndipo amana iliyokimbiwa na wakubwa inapoonekana uzito wake.

Yasemwe pia ya upande huu. Visiwa hivi na pwani hii vina wageni wao walioolewa au kuoa hapa: mke wa Kizungu katika nyumba ya Jambiani, mume kutoka mbali katika ghorofa la Shangani. Wenyeji hujisifu kwa ukarimu, na ukarimu upo. Lakini mwanamke wa watu amekaa miaka ishirini, amezaa, amezika, amepika maandazi ya futari, anaingia sokoni Darajani akauliza bei kwa Kiswahili safi na akajibiwa kwa Kiingereza. Au hujibiwa kwa shangwe: ah, huyu anajua Kiswahili! Sifa hiyo hupewa mgeni. Hakuna anayemsifu jirani yake wa Mkunazini kwa kujua Kiswahili. Miaka ishirini, na bado yuko katika siku ya pili, anapakuliwa kwa upole.

Yapo maandishi ya Salme ambayo hayakuchapishwa katika uhai wake. Ni barua ndefu kuhusu maisha yake ya Ujerumani, alizoziandika kana kwamba anamwandikia rafiki yake wa Unguja, nazo zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993. Ndani yake anaeleza yote: nyumba, majira, watu, upweke, kifo cha mumewe, wasimamizi. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwenyeji. Yeye ndiye anayeijua nchi, na rafiki wa kisiwani ndiye anayeshikwa mkono na kupitishwa mitaani. Isipokuwa barua zenyewe ziko kwa Kijerumani. Hakuna rafiki wa Unguja wa zama zile aliyeweza kuzisoma. Kiswahili alikuwa nacho, na Kiarabu alikuwa nacho. Akachukua lugha ambayo miaka ile aliikosa hata ya kuombea maji, akaitumia kuwaambia watu wa kwao jinsi alivyoikosa, ilhali hawangemwelewa.

Riziki yake, katika miaka ya ujane, aliitafuta kwa kufundisha Kiarabu. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani, watu wazima, wenye elimu na nyumba na jamaa katika mji. Walikaa mbele yake na daftari, na ilipofika herufi ya 'ain hapakuwa na elimu wala jamaa wa kuwasaidia. Mwalimu aliitamka, akangoja. Mwanafunzi akajaribu, ikatoka siyo, akajaribu tena.